Nilimtengenezea Wifi Yangu Kipepeo

Nilikosa mimi. Sitaki mtu aniambie ni shetani, wala sitaki kusikia kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Shetani hajui kushika mkasi. Mikono yangu hii ndiyo iliyokata, ikapaka, ikabandika. Mdomo wangu huu ndio uliosema uongo, na ulipotakiwa kusema kweli ukanyamaza makusudi, kwa raha zake.

Jina langu silitaji. Watu wa Mpanda wakisoma, hasa wale wa mtaa wa Majengo ya zamani, watanijua tu. Basi wanijue! Nimechoka kujificha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi cherehani. Nilikuwa nashonea barazani, mbele ya duka la vitambaa, na nilikuwa na sifa mbili: mshono wangu safi, mdomo wangu mchafu. Wanawake walikuwa wananiletea hata nguo zisizo na haraka, mradi tu wakae kwenye benchi langu wanisikilize ninavyoigiza watu. Namuigiza bwana afya anavyokagua vyoo, namuigiza jirani anavyotembea akiwa na hasira. Wanacheka mpaka wanajifuta machozi kwa pindo la kanga. Jamani, kuchekesha watu kuna ulevi wake! Ukishazoea kicheko cha watu, siku wasipocheka unaona kama umelala na njaa.

Sasa nimtaje wifi yangu. Aliitwa Perpetua, dada mkubwa wa mume wangu Damiani. Kwao ni kijiji cha Mamba, Wapimbwe, watu wa mpunga na mahindi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, na yeye ndiye aliyemsomesha Damiani baada ya baba yao kufariki. Hakuolewa. Alikuwa mrefu, mkavu, kola yake imenyooka muda wote, na alikuwa anasahihisha kila kiumbe. Mimi ni Mfipa, Kiswahili nimejifunzia ukubwani. Nikisema, "Nyie mnakujaga lini?" ananikatiza palepale mbele za wageni, "Wifi, siyo mnakujaga. Mnakuja."

Nilikuwa nacheka naye. Moyoni nilikuwa naweka akiba.

Lakini alikuwa na kitu kimoja kilichotupatanisha. Alipenda vipepeo. Alifundishwa chuoni na mkufunzi wake, na tangu hapo hakuacha. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anachukua wavu wake, anashuka bondeni kule nyuma ya mtaa wa Shanwe ambako maji hayakauki haraka, anaangalia vipepeo gani wametokea. Anamnasa, anamtazama, anamwachia. Halafu anaandika kwenye kaunta buku: nani ametangulia mwaka huu, nani kachelewa, nani wa kiangazi, nani wa masika.

Watu walimcheka. Mtu mzima kukimbiza vipepeo! Mimi nilianza kumfuata ili nipate cha kuigiza barazani, nawaambia ukweli. Lakini baada ya Jumapili chache nikajikuta nimenogewa. Wavu wake ulipotoboka nilimshonea mwingine kwa chandarua. Tukawa tunakwenda wote, mimi na yeye na Kulwa, fundi baiskeli, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Vipepeo tuliwapa majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Mkia Mkasi. Kulikuwa na Jani Kavu, ambaye akitua humuoni tena. Kulikuwa na wale weupe wadogo wanaopita kwa makundi mvua zikianza, wote wanaelekea upande mmoja kama watu wanaowahi mnada. Na kulikuwa na wawili niliowapenda kuliko wote, tuliowaita Bluu wa Kiangazi na Mwekundu wa Masika.

Nilikuwa na furaha kule bondeni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwa na shida na mtu.

Sasa mwaka mmoja, mvua za kwanza ndiyo zimenyesha, vumbi limelala, tulikwenda tukiwa wengi kidogo. Wifi alikuja na walimu wenzake wawili, wanaume. Mimi nilitangulia mbele peke yangu, na kwenye majani ya pembeni ya dimbwi nikamuona Bluu na Mwekundu wameshikamana mkia kwa mkia, vile wanavyofanya wakitaka kutaga. Nikapiga kelele, "Wifi! Njooni, njooni muone!" Walipofika wale wadudu walishaachana, wameruka.

Nikamwambia, "Wifi, hawa siyo wawili! Ni kabila moja. Ni huyuhuyu, anabadilisha nguo tu kiangazi na masika. Nimewaona wameoana!"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosa hesabu. "Umeona, au umedhani?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Bluu na mwekundu hawawezi kuwa kitu kimoja, kama mbuzi na kondoo wasivyoweza. Sisi humu hatuandiki umbea." Halafu akafunga kaunta buku lake, akatabasamu kwa wale walimu, akasema, "Wewe shona, wifi yangu. Kuangalia kunataka macho yaliyosoma."

Wale wanaume wakacheka. Kulwa naye akacheka kidogo, akaangalia chini.

Ni hilo tu! Hakunitukana mama yangu, hakuninyang'anya mume. Maneno ya sekunde chache. Lakini mimi niliyebeba watu wote wa Majengo mdomoni mwangu nikiwachekesha wenzao, sikuweza kubeba kicheko kimoja kilichonielekea mimi. Nilirudi nyumbani, nikamsimulia mume wangu. Damiani akaniambia, "Ndivyo dada alivyo. Msamehe, kesho atakuwa amesahau." Nikasema nimesamehe. Uongo! Nilikuwa tayari nafikiria mkasi.

Siku zilizofuata nilimnasa Bluu mmoja na Mwekundu mmoja. Nikawabana kifua mpaka wakatulia. Nikachukua ule mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikamtoa Bluu mabawa yote ya kushoto. Nikaenda kwa Kulwa kuomba solusheni ya kuzibia pancha.

"Unaziba nini, shemeji, wakati huna baiskeli?"

Nilipomwonyesha, alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi. Alinishikia mwili wa yule mdudu kwa kibanio huku mimi nabandika mabawa mekundu. Pale kwenye maungio nikapaka rangi ya kucha, ile yangu nyekundu ya udongo-udongo niliyokuwa napaka vidole vya miguu siku za sherehe. Mwenyewe nilishangaa. Kulia bluu, kushoto mwekundu, kama vile kiangazi na masika wamegawana mwili mmoja. Alikuwa mzuri, jamani! Mikono yangu haijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Nia yangu ilikuwa fupi. Ameze chambo, afurahi wiki moja, atangaze. Jumapili inayofuata ningeyachomoa yale mabawa mbele ya wale walimu wake na kusema, "Haya, macho yaliyosoma!" Basi. Ndivyo nilivyojidanganya.

Nikampelekea ndani ya kiberiti. Alikuwa amekaa anasahihisha madaftari. Akafungua, akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena. Mkono wake ulianza kutetemeka. Nikawa najibana mbavu nisicheke.

Kisha akasema, "Wifi, nisamehe."

Akaweka kalamu mezani.

"Siku ile uliona kweli. Ni kabila moja, ushahidi ni huu hapa. Mimi ndiye niliyekosa, na nilikukosea mbele za watu. Nisamehe sana, mdogo wangu."

Mungu wangu! Perpetua ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi tangu azaliwe! Mtu mwenye moyo angeanguka pale miguuni pake aseme, "Wifi, nimekutania." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nilifanya nini? Nilisikia utamu, nikataka uzidi. Nilikaa kwenye kiti kando yake kama bibi harusi, nikasema, "Usijali, wifi, yamekwisha."

Akaniuliza, "Ulimpata wapi?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikataja mahali pa mbali, pa kumchosha: "Ng'ambo ya mto, kule kwenye kambi ya zamani ya wapasua mbao."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Pori lile kila mtu wa Mpanda alikuwa analijua. Lina mbung'o, wale nzi wakubwa wanaouma hata juu ya nguo, wanaoleta malale, ule ugonjwa wa kulala. Wafugaji walikuwa hawapitishi ng'ombe kule hata kwa kupotea njia. Mimi nilijua. Nilijua! Ulimi wangu haukuteleza. Nilipataja mahali pale nikiwaza atakavyokwaruzwa na miiba na kuumwa na nzi, nami nitapata cha kusimulia.

Nilidhani atamwonyesha kila mtu mara moja. Hakufanya hivyo. Alimweka kwenye sahani mezani kwake, akamfunika na glasi, akaniambia, "Mmoja hatoshi. Nilikwambia wewe hatuandiki umbea, siwezi kujiandikia mwenyewe umbea. Mpaka nimuone mwingine, akiwa hai, kwa macho yangu."

Akaanza kwenda ng'ambo ya mto.

Jumapili ya kwanza alirudi jioni amevimba mikono. Nilicheka mpaka nikalala chali. Jumapili ya pili nikamshonea suruali na koti la mikono mirefu, kitambaa kigumu cha bluu ya giza, bure, nikamwambia ni cha kumkinga na miiba. Alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu. Sikujua wakati ule kwamba mbung'o hufuata bluu. Nimekuja kuambiwa baadaye hospitalini, na muuguzi aliyeniambia alikuwa hajui ni nani aliyeishona ile nguo.

Kulwa ndiye aliyeanza kuogopa. Alikuja barazani siku moja, mikono imejaa grisi, akaniita pembeni.

"Shemeji, imetosha. Mwambie."

"Bado kidogo. Utamu haujaisha."

"Kule kuna mbung'o. Baba yangu alimaliza ng'ombe kule."

"Wifi yangu siyo ng'ombe," nikamjibu kwa sauti, ili benchi lisikie. Wanawake wakaangua kicheko. Kulwa akaondoka, na hakukanyaga tena kwangu. Yeye naye alikuwa na mdomo, angeweza kumwambia mwenyewe. Lakini aliogopa kwa sababu alishika kibanio. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba nilionywa.

Shule zilipofungwa Krismasi, Perpetua hakwenda kwao Mamba. Alikwenda ng'ambo, akakaa siku kadhaa na warina asali. Aliporudi alikuwa na kidonda nyuma ya shingo kilichovimba kama jipu, na homa. Zahanati wakadhani ni malaria, wakampa klorokwini. Homa ikashuka, ikapanda. Akawa anajikuna mwili mzima. Alinijia nyumbani akaniambia, "Wifi, sijui nina nini. Naumwa kichwa, na miguu haina nguvu."

Nikamwambia, "Uchovu huo. Kunywa uji, Jumapili utakuwa mzima, uende tena. Huwezi jua, pengine ndiyo siku yenyewe."

Nilisema hivyo! Na alicheka kwa matumaini, akanywa uji wangu.

Kuanzia hapo akaanza kulala. Anasinzia darasani chaki mkononi. Watoto wanamaliza kipindi wanatoka nje kucheza, yeye bado ameegemea ubao. Akawa mkali bila sababu, halafu analia bila sababu. Kola ile iliyonyooka ikawa imekunjamana. Watu wakaanza kuuliza mwalimu ana nini, nami nikiwa kwenye cherehani yangu nikawaambia, "Mtu anakwenda porini kila wiki, anarudi amelegea. Nyie mnadhani warina asali wanakunywa maji? Ni gongo hiyo!" Nilimuigiza anavyosinzia, kichwa kinashuka, kinaruka, kinashuka. Benchi zima lilikuwa hoi. Neno likafika shuleni. Mwalimu mkuu akamwita, akamwambia akapumzike nyumbani mpaka atakapoacha pombe. Perpetua, ambaye hata divai ya misa alikuwa anaionea shaka!

Kisha ikaja siku ya barazani. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, benchi limejaa. Akaja anaburuza miguu, amevaa ile nguo ya bluu, akakaa katikati ya wanawake. Akasema, "Wifi, nieleze vizuri, ile kambi ukishaipita unashika kulia au..." Akalala. Katikati ya sentensi, mdomo wazi, mate yanamtoka.

Nikachukua mkasi wangu. Nikakata kipepeo kwenye kipande cha kitenge chekundu, nikakiweka juu ya pua yake.

Wanawake walicheka wakashikana mabega. Kile kipande kikawa kinapanda na kushuka kwa pumzi zake. Mimi nikanyoosha kidole nikasema, "Haya, mwalimu, andika! Ametua!"

Kicheko kikakatika ghafla. Damiani alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alimtoa dada yake kile kitambaa usoni, akamfuta mate kwa mkono, akagusa shingo yake, na pale akakuta vivimbe chini ya nywele, vimejipanga kama punje za mahindi. Akamwita kwa jina mara nyingi. Akambeba kama anavyobebwa mtoto. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kujidai wanamsaidia kushika miguu.

Hospitalini walimtoa damu, wakamtoa na maji ya uti wa mgongo. Majibu: malale, na yameshapanda kichwani. Tabibu aliuliza, "Alikuwa anafuata nini porini?" Damiani akajibu, "Vipepeo." Tabibu akatikisa kichwa, akasema dawa ipo ila ni kali, wengine inawaponya na wengine inawamaliza, na kwamba angeletwa mwezi mmoja tu nyuma mambo yangekuwa mengine. Dawa ile ilipita kwenye mshipa kama pilipili. Walimshika watu wanne. Wifi yangu aliyekuwa hapandishi sauti alipiga yowe mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakatoka kuangalia.

Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha. Sikukimbia. Lakini hata hapo sikusema.

Damiani akanichukua twende nyumbani kwa dada yake kuchukua kanga na mashuka. Mimi nilikuwa nakunja nguo chumbani, yeye akawa sebuleni. Akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Neema, njoo hapa."

Glasi ile ilikuwa imeinuliwa. Sisimizi walishamla yule kipepeo mwili mzima. Yamebaki mabawa kwenye sahani, na pale yalipoungana, solusheni imekauka nyeusi kama lami, na juu yake rangi imebanduka vipande. Damiani alichukua kipande kimoja kwa ncha ya kidole. Akakitazama. Kisha akatazama chini, miguuni mwangu. Nilikuwa nimevaa ndala, na kucha zangu zilikuwa na rangi ileile.

"Hiki ndicho alichokuwa anakwenda kukitafuta?"

"Ulikuwa utani," nikasema. "Mawifi tunataniana, Damiani. Mila zinaruhusu."

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Bora angenipiga! Alikaa kwenye kiti cha dada yake, akasema taratibu, "Utakwenda kumwambia. Leo. Nami nitakuwa nimesimama pale."

Nilikwenda. Perpetua alikuwa macho, amekonda, macho makubwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote, mkasi, solusheni, rangi, kambi. Akaniuliza neno moja: "Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia mimi nishone. Mbele za watu."

Akakunja uso akijaribu kukumbuka. "Nilisema hivyo?" Hakuwa anakumbuka hata kidogo. "Basi nilikosa," akasema, na machozi yakaanza kumtoka, akalia kwa sauti kama mtoto mchanga mpaka akalala.

Nikadhani nimemaliza. Nikajisemea, angalau mzigo nimeutua.

Kesho yake tulipoingia, uso wake ulichangamka. "Wifi! Mvua bado zipo? Nikitoka hapa, tutakwenda wote. Yule wetu lazima ana mwenzie kule."

Ugonjwa ulikuwa umefuta. Kila kitu kimefutika.

Nikageuka kumtazama Damiani. Akasema, "Mwambie."

"Damiani, atalia tena!"

"Ulipomdanganya ulikuwa unajua. Mwambie ukijua."

Nikamwambia. Akalia upya, kwa uchungu uleule. Na siku iliyofuata akaamka hajui kitu, akanikaribisha na kipepeo wake, na Damiani akasimama mlangoni akasema mwambie. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mume wangu hakuwa mtu mkatili, mimi ndiye niliyemfanya. Alikuwa ananichapa mimi, na fimbo yake ilikuwa dada yake. Sote wawili tulilijua hilo, na hatukuacha. Mpaka muuguzi mmoja mama wa makamo alipotutoa nje ameshika kiuno: "Nyie mnamfanyia nini huyu mgonjwa? Hapa tunatibu, nyie mnaua! Tokeni!"

Katika siku zile hakulia kila mara. Kuna siku alinishika mkono akasema, "Nimekusamehe, wifi, wewe bado mdogo." Nilibusu vidole vyake. Siku nyingine aliinuka akanitemea mate usoni, akasema mikono yangu isizae kitu chema mpaka naingia kaburini. Na siku nyingine alicheka tu, akasema, "Nimedanganywa mimi, Perpetua!" kisha akageukia ukutani.

Alifariki mvua zinaelekea kuisha, asubuhi, sisi tukiwa nje kwenye foleni ya kusubiri saa ya kuona wagonjwa. Mwili tukaupeleka Mamba. Mama mkwe wangu alikuwa ameshaambiwa. Hakunifukuza msibani. Alinitengea chakula peke yangu, kwenye sahani yangu, mbali na wenzangu, na kila aliyepita alisalimia walio kulia na walio kushoto kwangu.

Damiani hakurudi Mpanda. Alibaki kwao na mpunga, akamchukua mtoto wetu Neema. Hakunipa talaka, sisi Wakatoliki, ila hajalala tena chini ya paa nililopo mimi. Neema sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Tukikutana kwenye misiba ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba, halafu anakwenda kukaa na upande wa baba yake. Sijawahi kumshika mjukuu.

Miaka mingi baadaye, mgeni mmoja aliyesomea wadudu alikuja kununua uzi kwangu. Nikajikaza nikamuuliza kuhusu Bluu na Mwekundu. Akaniambia kwa urahisi kabisa, "Ah, mama, hao ni wamoja. Kiangazi anakuwa bluu, masika anakuwa mwekundu." Kumbe nilikuwa sahihi! Ningengoja tu, nikamuonyesha wakiwa hai, siku moja angeandika mwenyewe na jina langu pembeni. Nilikuwa na kweli mkononi, nikaitupa, nikachukua uongo kwa sababu uongo unachekesha haraka.

Najiuliza kila siku alikwenda na neno lipi. Msamaha? Laana? Padri aliniambia nishike lile la msamaha. Lakini padri hakutemewa mate, na mimi najua kwamba alilosema leo kesho alikuwa hana habari nalo. Sina msamaha na sina laana. Nina vyote viwili, na hakuna kinachoshika.

Nyie vijana mnaopenda kutania, nawaomba kwa heshima. Nyie wenye midomo ya kuchekesha baraza, mnaojua kumtega mtu mpaka aamini. Ukiona ameshaamini, ukiona mkono wake unatetemeka kwa furaha uliyomtengenezea wewe, simama hapohapo. Usiseme Jumapili ijayo. Usiseme utamu haujaisha. Mwambie leo, akasirike, akutukane, akunyime salamu mwaka mzima. Mwambie akiwa bado ana akili ya kukuchukia.